Uzi maalumu: Kupanga safari ya kuona mianga ya kaskazini, kuanzia kuchagua sehemu hadi usiku wenyewe

Dira

Wakuu, maswali ya safari ya kwenda kuona mianga ya kaskazini (aurora, mwanga wa rangi unaocheza angani usiku huko kaskazini ya mbali) yametawanyika kila mahali, na majibu mengi yanapotosha. Tuyakusanye hapa. Naanza na msingi, wengine mtaongezea kila mtu kwa upande anaoumudu.

Jambo la kwanza ndilo linalopuuzwa kuliko yote: safari hii hupangwa kwa mawingu na kwa idadi ya usiku, haipangwi kwa namba ya Kp (kipimo cha 0 hadi 9 cha msukosuko wa sumaku ya dunia). Wengi hufanya kinyume. Wanasubiri utabiri useme Kp 6, wanakata tiketi ya haraka ya usiku 2, wanafika na kukuta wingu limefunika anga kutoka upeo mmoja hadi mwingine.

Sababu yake ni hii. Mianga hutokea juu sana, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, pale elektroni zinapoporomoka kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia na kugonga oksijeni na naitrojeni. Mawingu yanayoleta theluji yako chini kabisa ya hapo. Dhoruba ya jua iwe kubwa kiasi gani, wingu zito likikaa katikati huoni kitu. Kwa upande mwingine, ukiwa chini ya mkanda wa aurora, ule unaoizunguka ncha ya sumaku kwenye latitudo za kisumaku za takriban 65 hadi 70, mianga hutokea usiku mwingi sana hata Kp ikiwa 1 au 2. Ukishafika chini ya mkanda, unachotafuta ni anga wazi na giza tu.

Sasa hesabu ya usiku. Tuseme sehemu fulani ina uwezekano wa asilimia 40 kila usiku kuwa na anga wazi ya kutosha (ni mfano wa kufanyia hesabu, si takwimu ya mji wowote). Ukikaa usiku 1 una 40. Usiku 2 unafika 64, usiku 3 unafika 78, usiku 4 unafika 87, usiku 5 unafika 92. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba kila usiku unajitegemea, na hali ya hewa haiko hivyo: mfumo mmoja wa mawingu unaweza kukalia pwani siku tatu mfululizo. Ndiyo maana nasema usiku 4 ni kiwango cha chini, 5 hadi 7 ndiyo mpango wenyewe, na lazima uwe na namna ya kuhama kutoka ulipo. Anayekaa usiku 4 akiwa na gari ana nafasi nzuri kuliko anayekaa usiku 6 kwenye chumba kimoja cha vioo asichoweza kukihamisha.

Msimu ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili. Nje ya hapo usiku wa huko haufiki giza. Tromsø, kwa mfano, jua halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai.

Zuhura_K

Nachukua upande wa sehemu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Tromsø, Norway (latitudo 69.6). Ni rahisi kufikika, kuna hoteli na waongozaji wengi, na baridi yake ni ya wastani kwa sababu bahari ya huko hupashwa na mkondo wa maji ya Atlantiki. Bahari hiyohiyo ndiyo inayoleta mawingu. Anayekwenda Tromsø apange tangu mwanzo kwamba usiku mwingine atalazimika kuondoka pwani kuelekea ndani, upande wa Skibotn na kuvuka hadi Kilpisjärvi, Finland, takriban kilomita 160. Milima hukamua unyevu wa bahari kabla haujafika huko, kwa hiyo mara nyingi kuna anga wazi wakati mjini theluji inaanguka.

Abisko, Sweden (68.4). Sayansi ni ileile, ila hapa unalala hukohuko ndani. Kijiji kimekaa kwenye kivuli cha mvua cha milima, kando ya ziwa refu la Torneträsk, na wingu hupasuka juu yake mara kwa mara. Unafika kwa ndege hadi Kiruna kisha kilomita 95 hivi kwa barabara ya E10, au kwa treni ya usiku kutoka Stockholm iendayo Narvik. Udhaifu wake ni kwamba kijiji ni kidogo, vyumba huisha mapema, na siku ikiharibika huna pengine pa kwenda isipokuwa una gari.

Finland: nenda Inari, Utsjoki au Kilpisjärvi. Rovaniemi inatangazwa sana, lakini iko ukingoni mwa kusini wa mkanda na ina taa nyingi za mji. Kama sababu ya safari ni aurora, panda juu zaidi.

Iceland: nchi nzima iko mahali pazuri, lakini hali ya hewa yake hubadilika kwa saa. Faida ni kwamba unaweza kuzunguka na gari kufuata upenyo wa anga. Idara yao ya hali ya hewa ina ramani ya mawingu kwenye tovuti ya vedur.is. Angalizo: kwenye ramani hiyo nyeupe ni anga wazi na kijani ni wingu. Wageni huisoma kinyume na kuendesha saa mbili kwenda kwenye wingu.

Yellowknife, Kanada (62.5) na Fairbanks, Alaska (64.8). Msione latitudo ndogo mkadhani ni kusini sana. Ncha ya sumaku imeegemea upande wa Amerika Kaskazini, hivyo mkanda hushuka chini zaidi huko. Ziko ndani ya bara, mbali na bahari, na anga yao ya majira ya baridi hukaa wazi siku nyingi. Gharama yake ni baridi kali: nyuzi 30 chini ya sifuri ni kawaida.

Svalbard nisingemshauri anayekwenda mara ya kwanza. Longyearbyen iko latitudo 78, na usiku wa kawaida mkanda hupita kusini yake. Wanaokwenda huko hufuata aurora ya mchana, inayoonekana giza la saa 24 linapotawala.

msafiri_mpya

Asanteni sana. Naomba ufafanuzi wa hizi namba. Programu ya simu inaonyesha Kp 2 na "uwezekano asilimia 12". Nyingine inaonyesha Bz na kasi ya upepo wa jua. Nifuate ipi?

Upepo_wa_Jua

Karibu ndugu. Namba hizi zina tabaka tatu, na kila moja ina muda wake wa kuaminika.

Tabaka la kwanza ni siku 27. Jua hujizungusha mara moja kwa takriban siku 27 likitazamwa kutoka duniani. Kama kuna tundu kwenye korona yake (tabaka lake la nje) linalotupa upepo wa kasi, yaani mkondo wa chembe za jua, upepo huo unaweza kurudi siku 27 baadaye. Utabiri wa siku 27 wa NOAA (shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari) hutegemea hilo. Unafaa kuchagua kati ya wiki mbili ambazo zote zinakufaa, haufai kulipia safari.

Tabaka la pili ni siku 1 hadi 3. Jua likirusha wingu la gesi yenye sumaku, huchukua siku 1 hadi 3 kutufikia, wakati mwingine chini kidogo. Hapo ndipo unaposikia daraja za dhoruba za G1 hadi G5. G1 ni Kp 5, G5 ni Kp 9. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifika G5, ya kwanza kufika hapo tangu Oktoba 2003. Lakini saa ya kufika hukosewa kwa saa 6, hata 12, na nguvu yake haijulikani sawasawa mpaka ifike kwenye setilaiti.

Tabaka la tatu ni dakika 30 hadi 60, na hili ndilo la kufanyia kazi usiku wenyewe. Setilaiti za kupima upepo wa jua zimekaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Upepo ukienda kilomita 400 kwa sekunde, kilichopimwa pale kitakufikia baada ya saa 1 hivi. Ukienda 800, nusu saa. Angalia Bz kwanza. Ikiwa hasi, maana yake sumaku ya upepo inaelekea kusini, mlango unafunguka na nishati inaingia. Bz ya hasi 5 ikidumu nusu saa au zaidi, toka nje. Bz ikiwa chanya, hata kasi ya 600 inaweza isikupe kitu kikubwa.

Kuhusu Kp: ni wastani wa saa 3 wa dunia nzima, unaokokotolewa na kituo cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani. Aurora inaweza kulipuka kwa dakika 15 na kutulia, na wastani wa saa 3 ukaimeza. Kwa hiyo Kp 2 ukiwa Tromsø, Abisko au Yellowknife haikuzuii kutoka. Kp 2 ukiwa kusini mwa Uingereza ndiyo inayokwambia ulale.

Zile "asilimia 12" programu nyingi huzitoa kwenye modeli ya NOAA kwa nukta uliyosimama, na aurora ya kilomita 100 juu huonekana hata ikiwa kilomita mia kadhaa kando yako. Usiifute programu, ila usiifanye hakimu.

Kosa jingine ni la saa. Utabiri wa Kp huandikwa kwa UTC. Norway na Sweden majira ya baridi ni UTC+1, Finland UTC+2, Iceland ni UTC yenyewe mwaka mzima. Kipande cha 18 hadi 21 UTC ni saa 1 hadi saa 4 usiku kwa Tromsø mwezi Februari. Mwezi Septemba, saa zikiwa zimesogezwa mbele, ni saa 2 hadi saa 5. Yellowknife majira ya baridi ni UTC-7, kwa hiyo kipande kinachoanza 06 UTC tarehe 10 ni saa 5 usiku wa tarehe 9. Watu hutoka usiku wa kesho yake, dhoruba ikiwa imeshapita.

Barafu_Kavu

Naongezea kwa Upepo_wa_Jua: kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni sumaku-mita (vifaa vya kupima sumaku ya dunia) za karibu na ulipo. Vituo vya Tromsø, Kiruna, Sodankylä na Fairbanks huweka mistari yao mtandaoni moja kwa moja. Mstari ukitulia, kumepoa. Ukianza kuporomoka ghafla kwa mamia ya nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku), mlipuko unaendelea sasa hivi juu ya eneo hilo. Pamoja na hiyo fungua kamera ya anga ya kituo jirani. Ukiona kijani kwenye kamera na juu yako kuna wingu, unajua ni upande gani wa kuendesha.

Mwanga_Hafifu

Mimi natofautiana kidogo na wanaosema Februari ndiyo mwezi bora bila maelezo. Septemba na Machi zina sababu ya kifizikia ya kuwa bora: karibu na siku za usiku na mchana kulingana, mkao wa sumaku ya dunia kwa ile ya jua hurahisisha Bz kuwa hasi, na misukosuko ya sumaku huongezeka. Jambo hili lilielezwa na Russell na McPherron mwaka 1973. Septemba pia maziwa hayajaganda, hivyo unapata mianga ikijionyesha kwenye maji, na barabara hazina barafu. Yellowknife ina msimu wake kamili wa kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba kwa sababu hiyo. Kinachofuata hapo si kizuri: Oktoba na Novemba maziwa makubwa bado yana joto kuliko hewa, yanatoa mvuke, na mvuke unakuwa wingu.

Machi una theluji, usiku bado mrefu, na baridi imeanza kulegea. Kama mtu ana uhuru wa kuchagua, namwambia nusu ya kwanza ya Machi ndani ya bara, au nusu ya pili ya Septemba.

Desemba ina usiku mrefu kuliko miezi yote, lakini urefu wa usiku haupunguzi mawingu. Na mlipuko mwingi huja kati ya saa 3 usiku na saa 8 usiku, kwa hiyo giza la saa 9 alasiri si faida kubwa hivyo.

Zuhura_K

Na mwezi je? Watu huuliza kila mara.

Mwanga_Hafifu

Dada Zuhura, mbalamwezi haiui aurora yenye nguvu, ila hufuta ile hafifu. Mwezi wa nusu au pungufu ni mzuri kwa picha kwa sababu unaangaza theluji na milima. Mwezi mpevu ukiwa juu, tao dhaifu la mianga la Kp 1 utalipoteza. Kama una tarehe mbili sawa kwa kila kitu, chagua wiki ambayo mwezi unazama mapema au haujachomoza saa 5 usiku. Usiache safari kwa sababu ya mwezi.

msafiri_mpya

Je, ni kweli kilele cha shughuli za jua kimepita na sasa ni kuchelewa?

Upepo_wa_Jua

Hapana. Mzunguko wa 25 wa jua (kupanda na kushuka kwa shughuli zake kwa takriban miaka 11) ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele. Baada ya kilele, matundu ya korona huwa makubwa na ya kudumu, na yanaleta upepo wa kasi unaojirudia. Kinachopungua miaka ya chini ni dhoruba zinazoonekana hadi nchi za kusini. Ukiwa chini ya mkanda wenyewe, mianga ipo hata jua likiwa limetulia.

Barafu_Kavu

Nguo. Tofauti na mtu anayeteleza kwenye theluji au anayetembea, wewe utasimama bila kusogea kwa saa 2 hadi 4. Mwili hautengenezi joto. Vaa kama unakwenda kwenye baridi ya nyuzi 10 zaidi ya ile iliyotabiriwa.

Tabaka la ngozini ni sufu ya merino au kitambaa cha sintetiki, juu na chini. Pamba usiiguse, kwa sababu ikilowa jasho haikauki na inanyonya joto. Juu yake flisi au sweta nene la sufu. Juu yake jaketi la manyoya ya ndege au la kujazwa sintetiki linalofunika makalio. Nje kabisa kitu cha kuzuia upepo, suruali pia. Waongozaji wengi hutoa suti nzito ya kipande kimoja pamoja na buti; ulizia kabla ya kununua, kwa sababu hilo hubadilisha mzigo wote.

Miguu ndiyo hushindwa kwanza. Buti liwe namba moja zaidi ili libebe soksi nene ya sufu bila kubana. Kubana hukata damu, na bila damu soksi tano hazisaidii. Simama juu ya kipande cha mkeka wa povu, si juu ya theluji tupu; huo ni uzani wa gramu chache unaoongeza saa nzima ya kuvumilia.

Mikono: glavu nyembamba za kushika kamera, na juu yake glavu kubwa za vidole pamoja, zenye kamba ya shingoni zisipeperuke. Vifuko vya kupasha mikono vinafanya kazi kwa chuma kuungana na oksijeni. Vifungue dakika 15 hadi 20 kabla, vitikise, na usivibane mahali pasipopita hewa kwa sababu vitazimika.

Sehemu ya ngozi ikiwa nyeupe kama nta na kufa ganzi, ingia ndani uipashe polepole kwa joto la mwili au maji ya uvuguvugu. Usiisugue, na usiipake theluji. Kwenye pwani ya Norway hatari kubwa zaidi kuliko baridi ni kuteleza, kwa hiyo nunua meno ya chuma ya kuvaa juu ya viatu siku ya kwanza.

LenziPana

Kamera, kwa wanaotaka picha.

Lenzi ya milimita 14 hadi 24, tundu la kupitisha mwanga f/2.8 au kubwa zaidi. Tripodi nzito. Modi ya mkono kila kitu. Anzia hapa: f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600, sekunde 6. Tao la mianga likiwa tulivu na hafifu, panda hadi ISO 3200 na sekunde 8 hadi 12. Mianga ikianza kucheza, shuka hadi sekunde 1 au 2 na ISO 3200, la sivyo mapazia yote yatayeyuka kuwa ukungu wa kijani. Hili la mwisho ndilo kosa nililoliona kwenye picha nyingi zinazoletwa humu: mtu ameacha sekunde 15 wakati anga linakimbia.

Fokasi: zima ya kujiendesha. Washa skrini, kuza nyota angavu mara 10, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha gandisha pete kwa utepe. Alama ya infiniti kwenye lenzi isikudanganye, nyingi hupita kidogo. Kagua tena kila baada ya nusu saa kwa sababu baridi husogeza vioo.

Ondoa kichujio chochote mbele ya lenzi, hata kile cha kulinda kioo. Mwanga wa kijani wa aurora ni wa urefu mmoja wa wimbi, nanomita 557.7, na ukidundadunda kati ya nyuso mbili za kichujio unaacha miduara katikati ya picha. Hakuna programu inayoiondoa vizuri.

Zima kizuia mtikisiko ukiwa kwenye tripodi. Zima pia upunguzaji wa chembechembe kwa picha za muda mrefu, maana hukufungia kamera kwa muda sawa na wa picha uliyopiga. Rangi weka kati ya 3500K na 4000K, piga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera). Punguza mwanga wa skrini na usome histogramu (grafu ya mwanga wa picha), kwa sababu gizani picha yenye giza huonekana angavu.

Betri zinazopoa hupoteza nguvu haraka. Kaa na 3, mbili zikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Iliyokufa ikipata joto hurudisha kiasi. Na ukirudi ndani usiingie na kamera wazi: itoe kadi na betri nje, iweke kamera kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, iache ndani ya mfuko saa 2 au zaidi. Unyevu utatua juu ya plastiki badala ya ndani ya lenzi.

msafiri_mpya

Na mwenye simu tu?

LenziPana

Simu za siku hizi zinatosha. Modi ya usiku, kishikio cha simu juu ya tripodi ndogo, muda wa sekunde 3 hadi 10, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Tumia lenzi kuu ya 1x. Ile pana zaidi kwenye simu nyingi ina tundu dogo. Simu ikae mfukoni mwa ndani hadi utakapoihitaji.

Simu ina kazi nyingine. Jicho gizani halioni rangi vizuri, na aurora hafifu huonekana kama utepe wa kijivu unaofanana na wingu jembamba. Ukishuku, piga picha moja ya sekunde 3. Ikitoka kijani, umeipata. Mwambie pia kila unayesafiri naye mapema kwamba macho yataona rangi iliyopoa kuliko ya picha, isipokuwa mianga ikiwa na nguvu. Hapo kijani huonekana wazi, na ukingo wa chini wa waridi pia. Wengi huvunjika moyo kwa sababu waliahidiwa picha ya gazeti.

Dira

Gari. Nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia.

Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, usijifunzie saa 7 usiku kwenye barabara ya Norway au Iceland. Lipa mwongozaji kwa usiku wa kuhama, tumia gari mchana tu. Kama unaendesha: matairi ya baridi yenye misumari, mwendo chini ya kibao, umbali kutoka gari la mbele mara mbili au tatu wa kawaida, breki kwa upole. Eneo la kaskazini mwa Norway, Sweden na Finland reindia (kulungu wa kaskazini) hulala barabarani na hawakimbii taa.

Usisimame barabarani hata kama anga limewaka. Ingia kwenye maegesho ya kando, zima taa, vaa fulana ya kung'aa kabla ya kushuka. Ukikaa ndani ya gari injini ikiwaka ili upate joto, kwanza hakikisha theluji haijaziba bomba la moshi nyuma. Gesi yake haina harufu na imeua watu.

Iceland upepo hung'oa milango. Egesha pua ya gari ikielekea upepo na ushike mlango kwa mkono unapoufungua. Bima nyingi za kukodi hazilipi mlango uliopinda, soma kipengele hicho kabla ya kusaini. Barabara za ndani zenye herufi F hufungwa majira ya baridi. Kila siku fungua umferdin.is kwa hali ya barabara. Dharura huko, na Norway, Sweden na Finland pia, ni 112.

Fairbanks na Yellowknife ulizia gari lenye hita ya injini ya kuchomeka umeme, na ulichomeke usiku. Bila hiyo, kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri asubuhi haliwaki.

Usitembee juu ya ziwa kwa sababu tu ni jeupe. Mtu mmoja kwa miguu anahitaji walau sentimita 10 za barafu imara, na karibu na midomo ya mito hupungua bila dalili. Uliza wenyeji wa hapohapo.

Zuhura_K

Kwa wanaonunua ziara, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Mnahama hadi wapi mawingu yakifunga, na je, mnavuka mpaka? Kama wanavuka, beba pasipoti. Gari ni la watu wangapi? Basi la watu 50 hufuata ratiba na maegesho makubwa. Gari la watu 8 hugeuza barabarani. Mnarudi saa ngapi? Ziara inayorudi saa 5 usiku hukosa nusu ya muda mzuri. Na neno "uhakika": soma masharti yake. Mara nyingi maana yake ni kupewa usiku mwingine bure, na hiyo inakusaidia tu kama usiku wa kwanza ulikuwa mwanzoni mwa safari yako. Ndiyo maana ziara ya kulipia huwekwa usiku wa kwanza au wa pili, kamwe si wa mwisho.

Viza kwa wanaohitaji: Norway, Sweden, Finland na Iceland zote ziko Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha kuvuka kutoka Tromsø hadi Kilpisjärvi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Omba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka. Kanada na Marekani kila moja ina utaratibu wake.

Betri za akiba na pawabenki zinakwenda kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege.

msafiri_mpya

Nimeelewa. Mpango wangu: nusu ya kwanza ya Machi, Tromsø usiku 5, sina uzoefu wa kuendesha kwenye barafu. Mnausemaje?

Dira

Mwezi na mahali ni sawa. Badilisha mgawanyo: usiku 3 Tromsø, usiku 2 Abisko, kwa basi hadi Narvik kisha treni. Angalia ratiba kabla ya kulipa vyumba kwa sababu si kila siku zinaungana vizuri. Hivyo unakuwa umegawa hatari kati ya pwani na ndani bila kushika usukani. Ziara ndogo inayovuka mpaka iweke usiku wa kwanza. Chumba cha Tromsø ukipate upande wa kisiwa wenye giza, utembee hadi ufuko wa Telegrafbukta usiku ambao hujalipia ziara.

Usiku wenyewe: saa 10 jioni angalia wingu kwenye yr.no (tovuti ya hali ya hewa ya Norway) kwa tabaka zake, maana wingu la juu jembamba hupitisha mianga na la chini halipitishi. Kisha lala kwa muda wa saa 2. Saa 3 usiku uwe nje, upe macho dakika 20 hadi 30 bila simu, tumia taa nyekundu tu. Tazama kaskazini kwanza, utafute tao la mianga lililo chini. Likipanda hadi kichwani na kupasuka, kisha likafifia, usiondoke. Mfumo hujaza nishati upya, na mlipuko wa pili mara nyingi huja baada ya saa 1 hadi 3.

Upepo_wa_Jua

Nakubaliana, ila Abisko iwe mwanzo na Tromsø mwisho. Ndege za kutoka Tromsø ni nyingi zaidi, na theluji ikifunga reli siku ya mwisho hutabaki umekwama Sweden na tiketi mkononi.

Dira

Sahihi mkuu, hiyo ni bora. Ziara basi ihamie usiku wa kwanza wa Tromsø.